Mkono wa Kike

Niliitoa mfukoni saa tatu asubuhi
pale machimbo ya changarawe nyuma ya Kaskivaara,
bado inanuka duka:
mafuta, katoni, sigara za Reijo aliyeniuzia.
Kitako cha plastiki, cheusi, hakina hadithi.
Bunduki ya Taisto ni ya mti wa jozi,
babake aliipaka mafuta ya kitani kila Krismasi
hata ikang'aa kama mkate uliopakwa yai.
Hii haing'ai.
Ukiigonga kwa ukucha inalia kama ndoo.

Lakini komeo liko kushoto.

Niseme tena, nimelingoja miaka thelathini na mmoja:
komeo liko kushoto,
upande ulipo mkono wangu,
ule ambao mwalimu Helvi aliufunga kwa kitambaa cha ubao
mpaka nikajua kuandika "Aune" kwa mkono wa wenzangu.
Kuna mkono wa kuume na kuna mkono wa kike.
Wa kwanza ndio wa kulia,
nami niliulilia.

Oiva, msimamizi wa uwanja, akapiga filimbi.
Tukaziba masikio.
Mita mia: kulungu wa kaskazini, wa karatasi,
mrefu kama mlango wa ghala,
duara limechorwa ubavuni.
Nikalala juu ya mkeka, baridi ya Agosti tumboni,
nikafungua jicho la kushoto.

Jicho hili nililifumba misimu yote ya mawindo.
Lenye kuona nililaza, lenye ukungu nikaliamsha,
maana bega la kulia lina jicho lake.
Nilipokosa, wanaume wa kambini walisema:
Aune ana huruma, hawezi kumuua mnyama.
Sikumhurumia.
Sikumwona.

Ya kwanza.
Teke lake kavu, linatafuta mfupa;
chombo chepesi hakina adabu.
Komeo juu, nyuma, mbele, chini,
na shavu langu halikubanduka kwenye kitako.
Halikubanduka!
Ganda likaruka kushoto, likatua changaraweni
likifuka moshi kidogo, kama mtu aliyemaliza kusema.
Ya pili. Ya tatu.

Oiva akatazama kwa darubini yake, akakuna kidevu.
"Zote tatu zinafunikwa na kizibo cha chupa," akasema,
"ila umempiga goti."
Chini, kulia. Kundi zuri, mahali pabaya.
Nikatoa sarafu, nikazungusha kifundo:
tiki, tiki, tiki, nane kwenda juu,
tatu kwenda kushoto, kushoto tena,
nikacheka peke yangu.

Si kwamba haina kasoro.
Kifyatulio kigumu, ni kama kung'oa jino la mtu mwingine.
Kasha la risasi linachezacheza.
Kitako kinateleza mkono ukitoka jasho,
na Reijo aliapa hakitelezi.
Lakini ya tisa iliingia duarani,
na ya kumi, na ya kumi na moja.

Ndipo Taisto akainuka kwenye benchi na chupa yake ya kahawa.
"Nipe nijaribu."
Akalala palepale nilipolala, mkeka bado una joto langu.
Akapiga. Alipiga vizuri, siku zote hupiga vizuri.
Kisha mkono wake wa kulia ukapanda kutafuta komeo,
ukapapasa ubapa mtupu wa chuma,
ukashuka, ukapanda tena.
Ikambidi avuke juu ya darubini;
kichwa kikainuka, bunduki ikapinda,
kulungu akampotea.

Akakaa hivyo kwa muda.
"Ulikuwa ukifanya hivi?
Kila risasi?"

"Mpaka nilipokata tamaa. Kisha nikahamia bega lisilo langu."

Hakusema pole. Si mtu wa pole.
Akamimina kahawa, akaweka kikombe kulia kwangu,
akakitazama,
akakihamisha.

Jioni nimeandika daftarini:
risasi ishirini na mbili. Upepo hafifu.
Kifyatulio kilegezwe.
Bega linauma, mahali papya.